Puanye za Kartie ya Reli

Mimi nakasirika upesi. Wanaonijua wameshazoea, na wasionijua huchukua dakika tano. Nalisema mapema ili mtu asinishangae nikisimulia kwamba, baba akiwa hajatimiza hata siku hamsini kaburini, nilisimama katikati ya soko la Kindu nikagombana na muuza vyuma kwa sababu ya puanye ya dirisha.

Puanye njo ule mkono wa kufungia dirisha. Nyumba za reli kwenye kartie, yaani mtaa wetu, zilikuwa na madirisha ya chuma tangu wakati wa Wazungu, kila moja na bawa moja la kioo linalofunguka kwa nje. Puanye ya shaba ilikazwa kwenye bawa kwa vizi mbili, yaani skrubu. Ukiizungusha, mdomo wake unaingia nyuma ya fremu na dirisha linashika. Puanye ikikosekana, dirisha halina kitu cha kulizuia. Upepo wa mtoni ukija linafunguka lenyewe, na mvua inakufuata mpaka kitandani.

Kwetu madirisha yalikuwa matano na puanye zilibaki mbili, zote mbili za sebuleni. Tatu zilikatika shingo, moja baada ya nyingine, katika miaka ambayo kila kitu Zaire kilikuwa kinakatika shingo. Baba aliziba kwa vitambaa: alikisokomeza kitambaa kati ya bawa na fremu, akakigongagonga kwa kisigino cha kiatu, dirisha likakaa. Atolie, karakana ya reli, ilikuwa haitengenezi tena puanye, na magazini yake ya kuwekea vyuma ilikuwa na panya na rejista tu. Hakuna nyumba ya agenti, mfanyakazi mdogo wa reli, katika kartie yetu iliyokuwa na puanye zote. Tulizoea, na baba alikuwa akisema dirisha lenye kitambaa halipigi kelele.

Halafu baba akafa kwa homa. Alikuwa karani wa stesheni, mtu wa mwandiko mzuri na maneno machache, na aliondoka upesi sana hata sikupata nafasi ya kumwambia niliyotaka kumwambia. Mama akaingia eda. Kwetu sisi Waislamu wa Kindu eda si jambo la kuchezea. Ni miezi minne na siku kumi: mama amevaa nyeupe, haonwi na mwanamume wa nje, sauti yake haisikiwi na mgeni, naye anakaa katika nyumba ile ile aliyoachwa na mume wake. Hakai kwa dada yake wala kwa mama yake mzazi. Anakaa mle mle. Mama aliona bibi zake wakikaa vile, na siku ya kwanza aliniambia, "Nikifanya eda yangu muzuri, njo nitakuwa nimemaliza kazi ya baba yenu." Hakutaka kitu kingine chochote. Hakuuliza tutakula nini wala tutahamia wapi baadaye.

Lakini nyumba haikuwa yetu. Ilikuwa ya reli, na reli ilimpa nyumba mtu aliye kazini. Siku ya thelathini barua ikafika kutoka biro ya nyumba, ofisi ya reli inayogawa nyumba: tukabidhi funguo, kuna agenti mwingine anangoja. Mimi njo mkubwa, nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, mwalimu wa darasa la pili, na wadogo zangu walikuwa bado wa kupigwa mswaki. Nikajifunga kitambaa kichwani nikaenda biro mwenyewe.

Shefu wa nyumba, mkuu wa biro ile, alikuwa mrefu, amevaa abakosi, ile suti ya Kizaire isiyo na tai, ya kijivu iliyopigwa pasi mpaka ikang'aa magotini, beji ya chama kifuani, na faili lenye penseli iliyofungwa kwa kamba. Kartie nzima ilimwogopa. Alinisikiliza huku akiangalia penseli.

"Sitwayene," akasema nilipomaliza, maana siku zile kila mwanamke aliitwa raia, "mimi sina mubaya na dini ya muntu. Kontroli ya nyumba itapita. Nikikuta nyumba yenu iko sawa, mama atamaliza siku zake mule. Nikikuta kosa, hata moja, mutatoka kwa siku saba."

"Kosa kama nini, shefu?"

"Kioo kimepasuka. Mulango haifungi. Dirisha haifungi."

Aliposema dirisha, nikaona vile vitambaa vya baba vitatu, kimoja kilikuwa mguu wa pajama. Nikashukuru, nikatoka.

Basi ndiyo ile siku ya soko. Nilizunguka kwa wauza vyuma wote nikiwa na puanye moja iliyovunjika, nimeifunga katika leso kama jino la mtoto. Mmoja akaniletea kishikio cha sanduku. Mwingine akaniletea mkono wa mlango wa mbao, akaniambia nikaze tu, utaingia.

"Utaingia wapi?" nikamwuliza. "Hii ni ya mulango wa mbao. Dirisha yangu ni ya chuma. Unaona chuma hapa? Unajua chuma?"

"Dada, unanitukana bure."

"Sijaanza."

Watu wakacheka, mimi nikataka kulia. Mzee mmoja aliyekuwa akiuza misumari iliyonyooshwa akanivuta pembeni, akanishauri nitume mtu Kampene, kwenye nyumba za zamani za wenye madini, kule puanye zimejaa tele. Kampene! Kwa barabara ile, kwenda na kurudi, eda ya mama ingekwisha, nami ambaye sijaolewa ningekuwa nimeanza ya kwangu. Nikamshukuru kwa adabu, maana yeye alinihurumia kweli, nikarudi nyumbani na leso yangu.

Hapo hapakubaki njia nyingine ila ile ya kartie. Niieleze, maana shefu hakupaswa kuijua na sisi sote tuliijua. Kontroli ilipita mara moja kwa mwaka, na siku zote ilianzia upande wa stesheni ikashuka kuelekea mtoni, nyumba kwa nyumba, siku moja. Puanye za kartie nzima ukizikusanya zingetosha labda nusu ya nyumba. Kwa hiyo tulizijaza nyumba za juu. Shefu akishaandika na kutoka, mwenye nyumba anafungua vizi, mke wake anaziweka puanye ndani ya beseni, anazifunika kwa sombe, majani ya muhogo, na kuzipitisha nyuma ya viwanja mpaka nyumba za chini zinazongoja. Shefu alipita mbele, puanye zilipita nyuma. Kila mwaka aliandika sawa, sawa, sawa, na jioni ile watu walicheka mpaka machozi. Baba mwenyewe alikuwa na turnevisi, bisibisi ya kazi hiyo.

Mtunzaji wa puanye alikuwa jirani yetu, fundi mstaafu wa atolie, Mkasai, mtu wa misa kila Jumapili. Yeye na baba walikuwa marafiki wa kuchekana. Puanye zote alizijua moja moja, ipi imelika mdomo, ipi inakwama. Zamani alikuwa anaingia kwetu bila kubisha, anafungua sufuria anauliza leo munakula nini. Tangu mama aingie eda alikuwa anasimama kwenye ua wa nyuma, anakohoa, anangoja nitoke.

Siku moja kabla ya kontroli alikuja akakohoa.

"Mwanangu, unahitaji ngapi?"

"Tatu, papa. Ya jikoni, ya chumba cha watoto, na ya chumba cha mama."

"Ya kulia ao ya kushoto?"

Sikujua kwamba puanye zina kulia na kushoto. Akachuchumaa akanionyesha kwa kidole mchangani. Puanye ya kulia mdomo wake unaangalia kulia, ya kushoto unaangalia kushoto, na mdomo lazima uangalie fremu. "Ukiweka ya kulia mahali ya kushoto," akasema, "vizi zitaingia muzuri, itazunguka muzuri, utazani imefunga. Lakini mudomo utaangalia kioo. Muntu akivuta kwa nje, dirisha inafunguka tu."

"Sasa zetu ni zipi?"

Ndani asingeweza kuingia. Akafunga mikono mgongoni, akazunguka nyumba kwa nje taratibu, mimi nyuma yake. Dirisha la jikoni: akaangalia, akasema kushoto. La watoto: kulia. Alipofika la mama aligeuza uso, akaangalia pembe moja tu ya fremu kama mtu anayetazama saa ya mwenzake, akasema, "Kulia," na akaondoka pale haraka.

Tukaenda kwake. Alizitandaza puanye juu ya mkeka, zile ambazo zilikuwa hazijapangiwa nyumba za juu, na akaniachia nichague. Nilichagua kama mtu anayechagua samaki. Nilipitisha ukucha kwenye kila mdomo, kwa sababu mdomo uliolika unaacha dirisha likicheza. Nilizungusha kila shingo nione kama ina ufa. Nikapata moja ya kushoto na mbili za kulia, nzito, za shaba ya kweli. Nikazifunga uzi mwekundu. Usiku ule zingelala katika nyumba za juu, kwa zamu yao, na kesho zingeshuka kwangu. Nyumba yetu ilikuwa ya tatu kutoka mtoni, tulikuwa na muda wa kutosha.

Asubuhi niliomba ruhusa shuleni. Wadogo zangu nikawatuma kwa bibi. Nikatoa vitambaa vya baba kwenye madirisha, nikakwangua rangi iliyokauka kwenye matundu ya vizi kwa msumari, nikakata vipande vya ngozi kutoka kiatu kizee ili kama dirisha litacheza niweke chini ya fremu. Kila kitu kilikuwa tayari. Nilikuwa hata nimekaa.

Mke wa fundi akatokea nyuma ya jiko, anahema, kanga imefunguka.

"Ameanza kwa muto," akasema. "Leo ameanza huku chini. Iko kwa nyumba ya kwanza."

Sikumwelewa. Kisha nikamwelewa. Nyumba mbili za mwisho, zile za kabla ya yetu, zilikuwa za wakubwa, na puanye za wakubwa zilikuwa kamili siku zote. Kwao hakukuwa na taabu. Taabu ilianzia kwetu. Na puanye zangu za uzi mwekundu zilikuwa juu karibu na stesheni, zimekazwa kwenye madirisha ya watu.

"Muzee amekimbia kuzifungua," akasema. "Omba Mungu wampe shefu kahawa."

Wakampa kahawa. Wakubwa wana kahawa. Nilisimama kwenye kona ya nyumba nikawa naangalia barazani kwao, nikamwona shefu ameketi, faili magotini, anacheka na mwenye nyumba. Sijawahi kupenda kikombe cha mtu kama nilivyokipenda kile. Alipokiweka chini moyo wangu ulikwenda nacho, na alipojaziwa tena nikapumua.

Alipoinuka kuingia nyumba ya pili, mke wa fundi akafika na beseni. Sombe juu, puanye chini. Fundi mwenyewe akaja nyuma yake, jasho linamtiririka, akasimama nje ya dirisha la jikoni ili kuniongoza, mimi ndani na turnevisi ya baba. Nikaweka ya kushoto. Vizi ya kwanza ikaingia. Ya pili ikakataa, nikaitia mate, ikaingia. Nikazungusha.

"Vuta," nikamwambia.

Akavuta kwa vidole viwili, na dirisha likafunguka mikononi mwake.

"Haujazungusha," akasema.

"Nimezungusha, papa."

Alisogeza uso karibu na kioo. Nikaona macho yake yanatembea, kutoka kwenye puanye kwenda kwenye fremu, kutoka kwenye fremu kuja kwangu. Kisha akaweka mkono kichwani.

"Niliangalia kutoka nje," akasema polepole. "Mwanangu, miaka yote nimefunga madirisha haya nikiwa ndani. Jana nilikuwa nje. Kushoto yangu njo kulia yako."

Katika maisha yangu nimewagombeza watu kwa makosa madogo kuliko lile. Yule mzee sikuweza. Alikosea kwa heshima: angeingia ndani kama mtu asiyejali eda ya mama, asingekosea. Lakini hasira nilikuwa nayo, imenijaa mpaka masikioni, na sikuwa na mtu wa kumpa. Nikaanza kufungua vizi.

Hesabu ilikuwa rahisi na mbaya. Jikoni palitaka ya kulia: ile ninayo. Chumba cha watoto kilitaka ya kushoto: ninayo moja. Chumba cha mama kilitaka ya kushoto pia, na iliyobaki mkononi ilikuwa ya kulia. Za sebuleni zote mbili zilikuwa za kulia. Fundi akasema atakimbia juu atafute ya kushoto, na akakimbia, mzee wa watu, lakini sote tulijua nyumba za juu ziko mbali, na nyumba ya pili, alimo shefu, iko hapo tu.

Basi nikaamua mwenyewe. Chumba cha watoto shefu ataingia na atajaribu dirisha kwa mkono wake. Kiwe na ya kweli. Chumba cha mama hataingia, eda inamzuia. Kiwe na ya uongo. Nikakaza ya jikoni. Nikakaza ya watoto, dirisha likacheza kidogo, nikalitia ngozi ya kiatu, likatulia. Halafu nikaingia kwa mama.

Alikuwa ameketi juu ya mkeka katika nguo zake nyeupe, tasbihi mkononi, amesikia kila neno kupitia ukuta. Nilipokuwa nakaza ile puanye isiyo na kazi nilimweleza: itaonekana, lakini haitashika.

"Shefu hawezi kuingia humu," akasema.

"Hawezi, mama."

"Basi kaza."

Nikavuta pazia, nikaacha nafasi ndogo shaba ionekane kwa nje. Hodi ikapigwa mlangoni nikiwa bado nina turnevisi mkononi. Nikaisukuma chini ya godoro la mama.

Shefu alifanya kazi yake sawasawa, siwezi kumsingizia. Aliangalia dari, mlango, makufuli. Alizungusha puanye za sebuleni, akasukuma, akaandika. Jikoni akazungusha, akasukuma, akaandika. Katika chumba cha watoto dirisha lilipiga kelele kidogo na mimi nikakohoa juu yake. Akaandika. Kisha akasimama mbele ya mlango wa chumba cha mama.

"Humu?"

"Humu iko mama, shefu. Iko katika eda."

Aliuangalia mlango kwa muda. Nilikuwa nimejiandaa: nilikuwa na maneno ya dini, na maneno ya kilio, na kama ingebidi, maneno ya matusi.

"Siingii," akasema. "Lakini lazima nione dirisha."

"Puanye iko, shefu. Unaweza kuiona kutoka nje."

"Nitaiona kutoka nje," akasema, "na nitaivuta."

Nikainua sauti mpaka ukuta ukasikia. "Basi shefu atazunguka nje, atavuta dirisha la chumba cha mama!"

"Kwa nini unapiga kelele, sitwayene? Mimi si kiziwi."

"Ni sauti yangu, shefu. Uliza wanafunzi wangu."

Tukazunguka. Sikumbuki kama nilitembea. Nakumbuka kwamba kwenye ua wa jirani fundi alikuwa amerudi, mikono mitupu, anajifanya anang'oa majani. Nakumbuka pia kwamba pale ambapo niliacha nafasi ya pazia, nafasi haikuwepo tena. Pazia lilikuwa limevutwa mbele, na karibu na fremu, mahali pa puanye, kitambaa kilikuwa kimekusanyika na kujikunja kama kilichoshikwa na kitu kwa ndani.

Shefu akaweka faili kwapani. Akaingiza ncha za vidole chini ya ukingo wa bawa, akavuta. Dirisha halikutoka. Akabadilisha mguu, akavuta tena, kwa nguvu, na safari hii bawa likaja, upana wa ukucha tu, kisha likarudi.

Dirisha lililofungwa halirudi. Linakaa, au linafunguka. Mimi nililiona likirudi, fundi aliliona kutoka uani kwake, na shefu, ambaye vidole vyake vilikuwa pale, alilisikia. Ule mkunjo wa pazia ulikuwa unatetemeka.

Hakuvuta mara ya tatu. Alisimama akiwa bado ameshika ukingo, uso wake umbali wa kiganja kutoka kwenye kioo, na kwa upande wa pili wa kioo kile alikuwa mama yangu.

"Mama iko na siku ngapi bado?" akauliza.

"Themanini na tatu."

Akatoa faili kwapani. Penseli ilikuwa imezunguka na kamba yake, akaifungua polepole, akaandika. Kisha akakiinamia kioo kidogo, akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayesemesha mgonjwa, "Pole na musiba, mama. Unaweza kuachilia." Akageuka, akapita mbele yangu bila kuniangalia, akaenda nyumba ya nne.

Karatasi ilikuja wiki iliyofuata. Nyumba iko sawa, mjane akae mpaka eda iishe. Mama alizimaliza siku zake zote katika chumba kile. Mpaka leo sijui nimweke wapi yule mtu. Nilikuwa nimemchukia vizuri, kwa raha yangu, na yeye akanivurugia. Lakini hayo ya karatasi yalikuwa ya wiki iliyofuata. Siku ile hatukuwa na karatasi.

Nilikimbilia ndani. Mama alikuwa amesimama, mguu mmoja ameukaza ukutani, mkono amezungushia pazia ili ngozi yake isionekane, na ndani ya pazia ameishika ile puanye ya uongo kwa nguvu zake zote.

"Ameenda?" akanong'ona.

"Ameenda, mama. Achilia."

"Kaangalie tena."

Nikaenda barazani. Shefu alikuwa anaingia nyumba ya nne. Nikarudi nikamwambia. Mama hakusogea.

"Ameandika, mama. Nimeona kwa macho yangu anaandika. Amesema uachilie."

"Nimesikia vile alisema." Jasho lilikuwa linamtoka puani. "Na kama amesema vile ili niachilie?"

Nikaliangalia lile pazia, nikawaza mtu amesimama kimya upande wa pili, vidole chini ya ukingo, anangoja. Nilikuwa nimemwona akienda, mara mbili. Sikumwambia tena aachilie.

Mke wa fundi akaja nyuma kuchukua puanye, maana nyumba za juu zilizofunguliwa zilikuwa zinazingoja. Nikampa ya jikoni na ya watoto. Akauliza ya tatu, akachungulia chumbani, akamwona mama. Alifunika beseni kwa sombe, akasema watatafuta namna, akaondoka na mbili. Baadaye tulisikia kwamba nyumba moja karibu na stesheni iliandikiwa kosa siku ile, na wenyewe hawakutuuliza kitu.

Mama aliendelea kushika. Mara moja alibadilisha mkono, upesi, akiweka wa kushoto kwanza ndipo akaondoa wa kulia. Nilimletea maji, nikamnywesha mwenyewe. Adhana ya adhuhuri ilipoanza msikitini aliniangalia, na mimi nikaweka mkono wangu ndani ya pazia, juu ya wake, nikaikamata ile puanye. Shaba ilikuwa ya moto. Alichomoa vidole vyake kimoja kimoja, akaenda kutawadha. Nikashika mimi mpaka alipomaliza kusali.